Hofu ya Kupoteza Kazi na Amana ya Kazi



Ikiwa wewe ni kijana uliyeanza kazi mwaka huu au mwaka jana, na kila simu yako inapolia moyo hushtuka ukidhani ni mkubwa wako anakuita akuambie kwamba huhitajiwi tena, basi makala hii yakuhusu. Na ikiwa wewe ni mzazi wa kijana wa namna hiyo, isome pia, maana huenda sehemu ya hofu yake ameipata kwako.

Mwezi wa Oktoba, nikiwa katika likizo kutoka chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo, nilikwenda Sitalike kumtazama mtoto wa dada yangu. Sitalike ni kijiji kilichoko kusini ya mji wa Mpanda, mwendo wa kilometa 35 hivi kwa barabara iendayo Sumbawanga, mahali inapovuka mto Katuma. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Aliyepita hapo wakati wa kiangazi hawezi kupasahau. Mto hupungua hata hubaki madimbwi ya tope, kwa sababu ya jua, na pia kwa sababu huko juu maji huchepushwa kwenda katika mashamba ya mpunga. Viboko hurundikana katika tope hilo mgongo kwa mgongo, wakisukumana na kuumana kwa ajili ya nafasi ya kulala. Kijana wangu amepanga chumba si mbali na daraja, na usiku miguno yao husikika mpaka ndani.

Kijana huyu alihitimu chuo cha kilimo, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akipeleka maombi ya kazi huku na huku. Hatimaye alipata kazi ya kuwashauri wakulima wa vijiji vya upande ule. Mwajiri wake sitamtaja, wala hakuna haja. Nilipofika alikuwa katika mwezi wa tisa wa majaribio, yaani kabla ya kuthibitishwa kazini. Alinipokea kwa heshima zote, akaniandalia wali na samaki, tukasali pamoja Magharibi na Isha. Lakini niliona ya kuwa halali. Usiku wa kwanza nilimsikia akifungua mlango na kutoka nje, na usiku wa pili vivyo hivyo. Usiku wa tatu nilitoka nyuma yake nikamkuta ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, anatazama barabara.

Nikamwuliza, "Je, mwanangu, una deni?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjomba, nimeandika uongo."

Basi akanisimulia. Kila mwezi hutakiwa kupeleka taarifa yenye majina ya wakulima aliowatembelea na mambo aliyowafundisha. Mwezi wa Agosti pikipiki iliharibika na fedha ya kuitengeneza haikupatikana. Angeweza kusema hivyo. Lakini mwenzake mmoja alikuwa amemwambia ya kuwa katika majaribio mtu mwenye malalamiko hathibitishwi, naye akaamini. Kwa hiyo aliketi chumbani mwake akaandika majina kumi na manne ya wakulima, vijiji vyao na magunia yao, na kwamba kila mmoja alionyeshwa namna ya kuhifadhi mahindi. Majina aliyatoa katika daftari la zamani. Hakukanyaga hata nyumba moja. Taarifa ikapelekwa, na mkubwa wake akamsifu mbele ya wenziwe kwamba ni mfano mwema! Tangu siku ile, gari lolote likipunguza mwendo darajani, yeye hudhani ni wakaguzi.

Ndugu msomaji, angalia mpangilio wa mambo haya. Kwanza ilikuja hofu, hofu ikazaa uongo, na uongo ukazaa hofu kubwa kuliko ile ya kwanza. Huenda wahubiri wengine wangemshika kijana huyu kwa uongo wake tu, na uongo kweli ni dhambi. Lakini mimi nimeona ni lazima tuanze na yule mama aliyeuzaa, kwa maana tukimwacha hai atazaa mwingine.

Wala nisidhaniwe kwamba naidharau hofu yenyewe. Sipendi mhubiri anayemwambia kijana "mtegemee Mungu" kisha akaenda zake, hali mwenyewe mshahara wake waingia kila mwezi. Hofu ya vijana wetu ina sababu zilizo wazi. Mwezi Juni 2016 serikali ilisimamisha kwa muda ajira mpya na kupandisha vyeo ili kuwaondoa watumishi hewa katika orodha za mishahara, na vijana wengi waliohitimu wakati ule walikaa wakingoja wasijue wangoje mpaka lini. Mtumishi wa umma huwekwa katika majaribio ya miezi 12. Na kwa wote wanaohusika na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, masharti yanayomkinga mfanyakazi asiachishwe kazi bila haki hayamhusu yule ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Kwa hiyo kijana akisema kwamba amesimama mahali penye utelezi, hasemi uongo. Ongeza hapo mama, wadogo zake na shangazi, ambao siku alipopata kazi walipiga vigelegele, na siku ya pili wakaanza kuleta haja zao. Dada yangu mwenyewe, nilipomwuliza baadaye, alikiri ya kuwa kila alipompigia simu mwanawe swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamekwisha kukuthibitisha?"

Basi sababu zipo. Lakini hebu tutazame mahali hofu inapovuka mpaka.

Mji wa Mpanda wenyewe ni somo. Baada ya Vita Kuu ya Pili palichimbwa hapo madini ya risasi, na kwa ajili ya mgodi huo reli ilijengwa kutoka Kaliua ikafika Mpanda mwaka 1950. Hebu fikiri karani aliyeajiriwa mgodini mwaka ule. Yeye angeweza kuamini ya kuwa amepata kazi ya maisha, maana nani hujenga reli ndefu namna ile porini kwa jambo la kupita? Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Kampuni ikaondoka, na reli iliyowekwa kwa ajili yake ikabaki kuwachukua wasafiri na mazao ya wakulima. Je, watu wa Mpanda walikufa njaa kwa sababu mgodi umefungwa? La. Mji umekua, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Aliyewalisha kwa njia ya risasi akawalisha kwa njia ya mahindi, mpunga na tumbaku.

Kurani Tukufu yatufundisha katika Sura Hud (11:7) ya kuwa hakuna kiumbe kitembeacho ardhini ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu. Mwajiri ni mlango ambao riziki hupitia. Kumheshimu ni wajibu na kumtii katika mema ni wajibu. Lakini kijana anapofikia kusema, "Nisipomdanganya huyu nitakufa njaa," amekwisha kumwondoa mkubwa wake mlangoni na kumweka mahali pa Mwenye nyumba. Katika shule za dini twafundisha ya kuwa kuna shirki ya wazi ya kuabudu masanamu, na kuna shirki iliyofichika. Mimi huamini ya kuwa katika zama zetu wengi huikuta hii ya pili mbele ya meza ya ofisi.

Na sasa nataka tukae kidogo na Nabii Musa a.s., maana Sura Al-Qasas (28:24-29) yatusimulia hasa habari ya kijana asiye na kazi. Alikuwa amekimbia Misri kwa kuogopa kuuawa. Amefika Madyan, hana mtu amjuaye, hana chakula, hana nyumba. Pale kisimani aliwakuta wachungaji wananywesha mifugo yao, na wanawake wawili wamesimama kando wakizuia wanyama wao. Akawauliza habari yao. Wakamweleza ya kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wale waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Kisha akarudi kivulini, na hapo ndipo alipomwomba Mola wake, akikiri kwamba yu mhitaji wa kheri yo yote atakayomteremshia.

Angalia, hakuwaomba wale wachungaji wenye nguvu, wala hakuwadai wale mabinti malipo. Alifanya kazi iliyokuwa mbele yake kabla ya kuajiriwa, kisha haja yake akaipeleka inakostahili. Punde si punde mmoja wa wale mabinti akaja kwa haya akamwita kwa baba yake. Na binti huyo ndiye aliyemshauri baba amwajiri, akieleza ya kuwa mfanyakazi bora ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Mkataba ukafanyika wa miaka minane, na kama Musa angependa kwa hiari yake angetimiza kumi. Hakuna aliyemwahidi jambo lolote baada ya hapo. Musa akakubali, akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa shahidi, akachunga mbuzi na kondoo miaka hiyo. Alipokwisha kutimiza muda wake na kusafiri pamoja na ahali zake, ndipo alipouona ule moto upande wa mlima, akaitwa kwa kazi ambayo hakuiomba wala hakuiota.

Mambo mawili basi: nguvu na uaminifu. Nguvu ya mchungaji ni mikono yake. Nguvu ya mwuguzi, ya mwalimu, ya mhasibu na ya bwana shamba ni ujuzi wake. Ujuzi wa kijana katika mwaka wa kwanza huwa ni mdogo, nalo si aibu, maana huongezeka kwa kuuliza. Lakini uaminifu hauhitaji miaka. Mtu aweza kuwa nao mzima siku ya kwanza ya kazi. Na ajabu ni hii, kwamba vijana wenye hofu hutaka kuficha upungufu wa ujuzi, ambao wangesamehewa, kwa kuutoa uaminifu, ambao ukipotea ni vigumu kurudishiwa.

Usiku ule pale nje nilimwuliza mpwa wangu swali moja. "Wale wakulima kumi na wanne, mahindi yao yako katika hali gani?"

Akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua. Miezi miwili alikuwa hakulala kwa kuwaza wakaguzi, mshahara, barua ya kuthibitishwa na aibu ya kurudi nyumbani; lakini hata siku moja hakuwaza yale mahindi. Msomaji anayetoka sehemu za mjini huenda asijue, kwa hiyo nieleze. Kuna mdudu aitwaye dumuzi, ambaye aliingia nchini kwa upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na watu wakamwita Scania kwa jinsi anavyobeba mzigo wa mtu. Hutoboa punje za mahindi ghalani na kuziacha unga mtupu. Dawa yake yajulikana: mahindi yakaushwe barabara, yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya ghala au yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Mtu asiyeelezwa huyaacha na magunzi yake, na kufikia Desemba, wakati wa kulima na wa njaa, hukuta gunia limekuwa jepesi. Ndilo jambo ambalo kijana huyu alilipwa kulisema katika nyumba kumi na nne mwezi wa Agosti, na karatasi yasema amelisema.

Hapo ndipo alipolia. Mimi sikumzuia.

Ndugu msomaji, hili ndilo nililotaka kukuonyesha. Hofu ya kupoteza kazi humgeuza mtu akajitazama nafsi yake peke yake, hata kazi yenyewe haionekani tena. Wagonjwa huwa hawapo, wanafunzi hawapo, wakulima hawapo, umebaki wewe na mkubwa wako tu. Lakini mtu akikumbuka ya kuwa kazi ni amana ya watu fulani, wenye nyumba na watoto, hofu hupata mahali pake. Haiondoki yote, lakini hukosa nafasi ya kutawala.

Twajua ya kuwa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alimwagiza yule bedui amfunge kwanza ngamia wake kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Alitoa pia mfano wa ndege watokao asubuhi na njaa na kurudi jioni wameshiba. Wako watu wanaoutumia mfano huu ili kukaa bure, nao hawaoni ya kuwa ndege yule ametoka kiotani! Na katika dua aliyozoea kuiomba, Mtume s.a.w. aliweka pamoja mashaka ya moyo, uvivu, woga na uzito wa deni, akajikinga kwa Mwenyezi Mungu na yote. Nimeona mara nyingi kwa wanafunzi wangu ya kuwa hayo kweli hutembea pamoja. Mwenye mashaka huahirisha kazi, kazi iliyoahirishwa humtia woga, na mwenye woga hukopa ili aonekane hana shida. Kwa jambo hili la deni niseme wazi: kijana usikope juu ya mshahara ambao bado haujathibitishwa, na hasa usiende kwa wale wakopeshaji wanaochukua kadi yako ya benki kuwa rehani, ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Afadhali mama akasirike mwezi mmoja.

Msomaji atakumbuka pia habari ya Masihi Aliyeahidiwa a.s. Katika ujana wake alifanya kazi ya ukarani mahakamani huko Sialkot, tangu mwaka 1864 hivi hata 1868, kwa ajili ya kumtii baba yake, naye hakuipenda. Mwaka 1876 alipopashwa habari na Mungu ya kuwa baba yake atafariki siku ile, ilimpitia fikara ya kibinadamu, maana mapato mengi ya nyumba yalikuja kwa njia ya baba huyo. Wasiwasi huo ulimjia hata yeye! Hapo hapo akapata wahyi wa kumwuliza kama Mwenyezi Mungu hamtoshi mja Wake. Maneno hayo akaagiza yachongwe katika jiwe la pete huko Amritsar, akaivaa. Mimi hupenda kufikiri juu ya pete ile. Mtu ambaye hapatwi na wasiwasi kamwe hana haja ya kuvaa ukumbusho kidoleni.

Kinyume chake twaona yaliyotokea tarehe 28 Aprili 2017 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Miongoni mwao walikuwamo waliotumika miaka mingi. Siwacheki, wala mwenye moyo hawezi kuwacheka watu waliorudi nyumbani mikono mitupu. Lakini nafikiri juu ya miaka ile yote kabla ya siku hiyo. Kila tangazo la uhakiki lilipobandikwa ukutani, walilala vipi? Yule aliyeingia kazini kwa uongo hakuwa na kazi ya kudumu hata siku moja, ijapokuwa barua yake ilisema kazi ya kudumu.

Mpwa wangu aliniuliza afanye nini. Nilimwambia asali rakaa mbili kabla ya Alfajiri, aombe msamaha, kisha siku hiyo hiyo aende Mpanda kwa mkubwa wake, amweleze mwenyewe kabla ya kuulizwa. Akasema, "Mjomba, watanifukuza." Nikamjibu, "Huenda." Sikumwahidi kinyume, maana Sura At-Talaq (65:3-4) yaahidi ya kuwa amchaye Mungu atafanyiwa njia ya kutokea na kuruzukiwa asikotazamia, haikuahidi ya kuwa njia hiyo itapita katika ofisi ile ile. Nilimshauri pia anunue daftari, na tangu sasa aandike kila jioni alikokwenda na asikokwenda na sababu yake, hata kama sababu ni kukosa petroli au uvivu. Mwenye daftari la kweli haogopi gari la wakaguzi, na penye upungufu usio wa kwake ana la kuonyesha.

Alikwenda. Nilimsindikiza mpaka barabarani, akapanda gari la asubuhi, nami nikabaki darajani mpaka lilipotoweka. Aliporudi jioni alikuwa amechoka, lakini alikula. Mkubwa wake alikasirika sana, hasa kwa sababu alikuwa amemsifu mbele ya watu. Akamwandikia barua ya onyo, akamwongezea majaribio miezi sita, na kumwamuru awatembelee wote kumi na wanne. Pikipiki ilitengenezwa juma lililofuata, jambo ambalo lingewezekana tangu Agosti kama angelisema. Usiku ule hakutoka nje.

Mwezi wa Desemba, nikiwa nimerudi chuoni, nilipokea ujumbe wake. Amekwisha kufika kwa wakulima kumi na mmoja. Kwa wawili alikuta dumuzi amekwisha kula karibu nusu ya akiba, akawaambia wazi ya kuwa angepaswa kufika mapema. Mmoja alimfukuza, wa pili alimpa kiti. Watatu waliobaki wako ng'ambo ya kijito ambacho mvua imekijaza, na anangoja maji yapungue. Juu ya kuthibitishwa hakuandika neno. Nimemwombea, nawe msomaji umwombee pamoja na wote walio katika majaribio.